Mke wa Mwanajeshi na Dola za Kongo

Hapa Mtwara, muuza samaki akijua mumeo yuko misheni ya kulinda amani Kongo, changu wa elfu tano anageuka wa elfu saba. Watu wanaamini Umoja wa Mataifa unamkabidhi askari dola mkononi. Sivyo. Umoja wa Mataifa hurejesha gharama kwa serikali iliyotoa kikosi. Kiwango kilichopitishwa mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi. Fedha inaingia serikalini, na serikali ndiyo inayomlipa askari kwa taratibu zake. Mkewe huku anahangaika na kodi ya nyumba, na mashemeji wanapiga simu kuulizia "zile dola".

Wapo wanaodhani kuzitafiti familia za wanajeshi ni kuchimba siri za jeshi. Mtafiti ana haja gani na silaha za kikosi? Anauliza mtoto amehamishwa shule mara ngapi, na mama amepoteza kazi lini. Marekani, shirika la Blue Star Families, lililoanzishwa mwaka 2009 na wenza wa wanajeshi, hukusanya majibu ya namna hiyo kwa dodoso na kuyafikisha kwa watunga sera. Ajira ya mwenza ni kilio kinachojirudia. Uingereza, sheria ya mwaka 2011 inamtaka waziri wa ulinzi awasilishe bungeni taarifa kila mwaka, inayogusa afya, elimu na makazi ya wanajeshi na familia zao. Hakuna siri iliyovuja.

Kwetu, chukua mwalimu ambaye mumewe kahamishwa kutoka kambi ya Naliendele, hapa Mtwara, kwenda ya Ngerengere, Morogoro. Mume anaondoka kwa amri. Mke anaomba uhamisho, ombi lipite kwa mwalimu mkuu, halmashauri, mpaka TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Njia mbili zisizokutana, na sijui nani anahesabu ndoa zinazoishi hivyo.

Eti mume akifariki, mafao yanakuja yenyewe? Mjane ataulizwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto, na mara nyingi barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Aliyeishi na mwenzake bila cheti cha ndoa bado ana pa kushika: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika hivyo. Lakini lazima akathibitishe mahakamani, na awahi kabla ukoo haujamteua msimamizi wao.