Chumvi ni Chumvi, Magadi ni Magadi: Pima Kabla ya Kumwaga Chokaa

Malalamiko yanayofika dirishani kwetu, maabara ya udongo, yamezidi na yanafanana: mbolea imewekwa, maji yapo, lakini mazao yamedumaa na ncha za majani zimeungua. Wengi wanakuja wakiwa wameshamwaga chokaa. Ndugu mkulima, chokaa ni ya udongo wenye tindikali. Udongo ambao pH yake (kipimo cha tindikali; juu ya 7 si tindikali tena) imeshapita 8.5 unautakia nini chokaa?

Udongo wa chumvi huacha utando mweupe ukikauka. Maji yamo, ila mizizi inashindwa kuyavuta. Tiba yake ni kuuosha kwa maji mengi yasiyo na chumvi, mradi yana pa kutokea. Udongo wa magadi una shida nyingine: sodiamu imeng'ang'ania chembe za mfinyanzi, ardhi imejifunga, maji yanatuama juu, na pengine unaona utando mweusi. Huu ndio unaohitaji jasi (gypsum, madini ya kalsiamu na salfeti). Kalsiamu ya jasi huchukua nafasi ya sodiamu, kisha maji huishusha sodiamu hiyo chini ya mizizi. Pasipo mtaro wa kutolea maji, haiendi popote. Yako pia mashamba yenye yote mawili. Hayo tusiyazungumzie bila vipimo.

Kuhusu sampuli. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba kimshazari, kina cha sentimita 0 hadi 20. Changanya kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati huchafua kipimo cha zinki), anika kivulini, kisha leta nusu kilo ikiwa na fomu iliyojazwa. Sampuli mbichi hatupokei. Isiyo na fomu hatupimi. Iliyokwanguliwa kwenye utando mweupe peke yake tutaipima, na majibu yatakudanganya, na ada hairudishwi. Maji ya kumwagilia nayo yaletwe. Mara nyingi chumvi inatoka huko.

Majibu yakitoka, chagua zao kwa kipimo. Maharage na karoti huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kinachoonyesha jinsi udongo unavyopitisha umeme). Shayiri na pamba huvumilia hadi karibu 8. Hata mbegu inayoitwa "stahimilivu" ina kikomo, na miche huwa dhaifu kuliko mmea mkubwa. Kwenye matuta yanayomwagiliwa kwa mifereji, chumvi hupanda na kukusanyika kileleni, kwa hiyo panda ubavuni. Mwagilia kidogokidogo mara kwa mara miche inapochomoza, wala usiache udongo ukauke kabisa.

Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, usikimbilie urea. Kwenye magadi madini ya chuma hujificha hata kama kimo ardhini, na urea iliyotupwa juu hupotea hewani kama amonia. Ikibidi kuweka naitrojeni, salfeti ya amonia hupunguza pH taratibu karibu na mizizi. Lakini nayo ni chumvi, na kiwango chake kinategemea majibu ya vipimo.