Lebo mgongoni mwa mchoro si hati ya umiliki

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi unadai kwamba mchoro wa bahari wa Kimarekani wenye lebo ya makumbusho mgongoni ulimilikiwa na makumbusho hayo, basi ni halisi. Sivyo. Lebo nyingi hubandikwa mchoro unapoazimwa kwa maonyesho. Mwenye mali habadiliki. Fremu nazo hubadilishwa, hivyo lebo ya fremu huenda ni ya kazi nyingine kabisa.

Linganisha jina, mwaka na vipimo na katalogi ya maonyesho hayo (kimo hutangulia upana, inchi 30 kwa 40 ni sentimita 76.2 kwa 101.6). Kisha soma orodha ya waliowahi kuumiliki mchoro: kwa kawaida nukta mkato (;) kati ya majina humaanisha mali ilipita moja kwa moja kwa mmiliki anayefuata, nukta (.) humaanisha pengo. Wengi huchanganya orodha hiyo na ile ya maonyesho ambako mchoro ulionyeshwa, kwa kuwa huchapwa pamoja. Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.