Niti na Bhakti: Namna ya Kutofautisha Hurafa za Kihindi na Visasili vya Kihindu

Aliyesoma fasihi simulizi shuleni anajua kwamba hurafa ni ngano ambayo wahusika wake ni wanyama wanaosema na kutenda kama binadamu, na kwamba kisasili ni masimulizi ya miungu, ya asili ya ulimwengu na ya mambo ambayo jamii fulani inayaona kuwa matakatifu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi yakitumiwa peke yake kwa masimulizi ya India, kwa kuwa huko wanyama wamejaa pande zote mbili. Mungu Ganesha ana kichwa cha tembo na kipando chake ni panya. Mungu Vishnu anasimuliwa kuwa alishuka duniani kwa umbo la samaki, la kobe na la nguruwe mwitu. Hanuman, mtumishi mwaminifu wa Rama katika utenzi wa Ramayana, ni wa jamii ya nyani. Mtu akitazama wahusika tu, atadhani kwamba kisa cha Hanuman na kisa cha mbweha mfitini ni vya aina moja, na hapo atakuwa amevisoma vyote viwili vibaya.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza ni jambo gani linalofumbua fundo la kisa. Katika hurafa za Kihindi fundo hufumbuliwa na niti, yaani maarifa ya kuishi kwa busara miongoni mwa viumbe wenzako: kuchagua rafiki, kumpima adui, kujua wakati wa kunena na wa kunyamaza, kutawala na kutawaliwa. Katika visasili fundo hufumbuliwa na dharma, ambayo ni wajibu wa kila kiumbe kwa mujibu wa nafasi yake, pamoja na bhakti, yaani mapenzi na tegemeo la mja kwa Mungu wake. Niti haimhitaji mungu yeyote aingilie kati. Bhakti haina maana asipokuwapo.

Kitabu kikuu cha niti ni Panchatantra, mkusanyiko wa Kisanskriti wa sehemu tano unaonasibishwa na Brahmani, yaani mtu wa tabaka la makuhani, aitwaye Vishnu Sharma. Utangulizi wake unasimulia kwamba mfalme Amarashakti wa mji wa Mahilaropya alikuwa na wana watatu wasioshika somo lolote, naye akahofia kuwaachia ufalme. Vishnu Sharma aliahidi kuwafundisha niti kwa muda wa miezi sita, na njia aliyoichagua ilikuwa hadithi. Jambo hili halipaswi kusahauliwa. Wanafunzi wa kwanza wa kitabu hiki, kwa maelezo yake chenyewe, ni wana wa mfalme wanaoandaliwa kutawala, na ndiyo sababu simba ndani yake ni mfalme, mbweha ni mawaziri, na mazungumzo mengi ni ya barazani: nani asikilizwe, nani aogopwe, vita vifanywe au suluhu itafutwe. Kukifanya kuwa kitabu cha watoto peke yao, kama inavyofanywa siku hizi katika matoleo mengi ya picha, ni kukipunguzia heshima.

Sehemu yake ya kwanza inaonyesha ukali wa niti. Simba Pingalaka amefanya urafiki wa dhati na fahali Sanjivaka, hata mbweha wawili wa baraza lake, Karataka na Damanaka, wakapoteza nafasi waliyokuwa nayo. Damanaka anamwendea simba na kumwambia kwamba fahali anataka ufalme. Kisha anamwendea fahali na kumwambia kwamba simba anataka kumla. Kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka, na kila ishara ya hofu inachukuliwa kuwa ishara ya uadui, mpaka simba anamuua rafiki yake. Damanaka hapatilizwi, anarudi kuwa waziri. Msomaji anayetafuta mwema alipwe wema na mbaya alipwe ubaya hatayaona hayo hapa, kwa sababu mwandishi anamwonyesha mtawala mtarajiwa jinsi fitina inavyofanya kazi ili aitambue ikija. Lakini si kila aliyekipokea kitabu hiki aliweza kuuvumilia mwisho huo: toleo la Kiarabu la karne ya 8 lina mlango wa ziada ambamo mbweha mfitini anashitakiwa, anahukumiwa na kuuawa.

Sehemu ya nne ndiyo inayofaa zaidi kwa kulinganisha niti na bhakti. Nyani aitwaye Raktamukha anaishi juu ya mzambarau ulioko ufukweni, na kila siku humtupia zambarau rafiki yake mamba, ambaye huzila na kumpelekea mkewe zilizobaki. Mke wa mamba anawaza kwamba mnyama anayekula matunda matamu namna ile kila siku lazima moyo wake uwe mtamu zaidi, naye anaudai moyo huo. Asipoupata, atajinyima chakula hata afe. Mamba anamwalika nyani nyumbani kwake, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji anamfichulia siri. Nyani hapigi kelele wala hasali. Anamjibu kwa utulivu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, kwa kuwa moyo wake mtamu ameuacha ndani ya tundu la mti, na kwamba yuko radhi warudi akauchukue. Mamba anageuka, nyani anaruka tawini, na urafiki unakwisha hapohapo.

Kisa cha pili kimo katika Bhagavata Purana, kitabu kimojawapo kati ya Purana kuu 18, yaani vitabu vya kale vya visasili vya Kihindu, na chenye uzito wa pekee kwa wanaomwabudu Vishnu. Gajendra, mfalme wa tembo, anaingia ziwani pamoja na kundi lake ili kunywa na kuoga, na mamba anamkamata mguu. Wanavutana miaka elfu, nguvu za tembo zinapungua huku za mamba, aliye nyumbani kwake majini, zikizidi, na tembo wenzake hawawezi kumsaidia. Mwishowe Gajendra anaacha kutegemea nguvu zake, anainua ua la yungiyungi kwa mkonga wake na kumwita Mola asiye na mwanzo wala mwisho. Vishnu anafika juu ya Garuda, ndege anayempanda, na kwa gurudumu lake, Sudarshana, anakipasua kinywa cha mamba. Hapo inadhihirika kwamba mamba alikuwa kiumbe wa mbinguni ambaye mtu mmoja mwenye hekima alimlaani, na kwamba tembo aliwahi kuwa mfalme wa watu aitwaye Indradyumna, ambaye naye alipatwa na laana. Wote wawili wanafunguliwa, na Gajendra anachukuliwa na Vishnu.

Katika visa hivi viwili kuna maji, kuna mamba, na kuna mnyama wa nchi kavu aliye karibu na kifo, lakini mafunzo yake yanaelekea njia tofauti kabisa. Nyani anaokoka kwa sababu alijitegemea na akili yake haikumtoka saa ya hatari. Tembo anaokoka kwa sababu aliacha kujitegemea. Kama nyani angesubiri msaada kutoka juu, hurafa ingekuwa imeharibika; na kama tembo angemdanganya mamba akaachiwa mguu, kisasili kingebaki bila roho yake. Sisemi kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine. Hata hivyo, mtu anayezikusanya hadithi hizi katika kitabu kimoja na kumalizia kila moja kwa funzo la aina moja anawanyima wasomaji wake jambo lenye thamani kubwa kuliko yote ndani yake.

Tofauti hiyo inabadilisha hata maana ya mnyama mwenyewe. Katika Panchatantra mnyama ana tabia isiyobadilika: mbweha ni mjanja, punda ni mzito wa fahamu, bundi na kunguru ni maadui wa tangu na tangu, na vita vyao vinachukua sehemu nzima ya tatu. Katika Purana umbo la mnyama ni hali ya kupita, kwa kuwa nafsi huzaliwa tena na tena kulingana na karma, yaani matokeo ya matendo yake, au huwekwa katika umbo fulani kwa laana na kutolewa kwa rehema. Tembo wa Bhagavata Purana anaomba kwa maneno ya mtu kwa sababu dua aliyojifunza katika uhai wake uliotangulia ilikuwa bado imo ndani yake, kwa hiyo maneno yake si mbinu ya msimulizi ya kumpa mnyama sauti.

Wabudha wana njia ya tatu, nayo inathibitisha kwamba kisa kimoja kinaweza kubadilishwa kazi bila ya kubadilishwa matukio. Jataka ni mkusanyiko wa visa 547 kwa lugha ya Kipali vinavyohusu maisha ya Buddha kabla ya kuzaliwa kwake kwa mwisho, na nyani na mamba wamo. Nyani anadanganya vilevile kuhusu moyo wake, na anaokoka vilevile. Lakini mwishoni inaelezwa kwamba nyani yule alikuwa Buddha mwenyewe katika uhai uliopita, na mamba alikuwa Devadatta, ndugu yake aliyempinga. Kwa maelezo hayo machache, kisa cha ujanja wa mtoni kimekuwa sehemu ya safari ndefu ya nafsi moja kuelekea ukamilifu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba vitabu vyenyewe vimejigawa kwa usafi. Mahabharata, utenzi unaokadiriwa kuwa na beti zipatazo 100,000, ni maandiko ya dharma, na ndani yake imo Bhagavad Gita, mafundisho ya Krishna kwa shujaa Arjuna. Lakini pia unabeba hurafa nyingi. Vita vikubwa vilipokwisha, mzee Bhishma alikuwa bado amelala juu ya kitanda cha mishale akingoja saa ya kufa, huku akimfundisha mfalme Yudhishthira kazi ya kutawala, na mojawapo ya visa alivyomsimulia ni cha panya Palita na paka Lomasha. Paka amenaswa wavuni. Panya, aliyekuwa akifurahia, anageuka na kumwona nguchiro akimvizia chini na bundi akimtazama kutoka juu. Anapima hali yake na kuona kwamba salama yake pekee iko kwa adui aliyefungwa, basi anamwendea paka, wanaahidiana, na panya anajificha chini ya mwili wake hadi nguchiro na bundi wanakata tamaa na kuondoka. Kisha anaanza kuguguna kamba za wavu, polepole mno, na anaiacha kamba ya mwisho mpaka mwindaji anapotokea, ili paka atakapofunguliwa awe na nafasi ya kukimbia tu na si ya kumla. Baadaye paka anamwita kwa maneno matamu waendeleze urafiki. Panya anakataa na kumweleza kwamba urafiki wao ulizaliwa na haja, na haja imekwisha. Hii ni niti tupu, nayo imewekwa kinywani mwa shujaa wa dharma, kwa sababu Wahindu wa kale walijua kwamba mtawala anahitaji elimu zote mbili.

Kinachounganisha maandiko haya kwa umbo ni hadithi ndani ya hadithi. Katika Panchatantra mhusika anapotaka kumshawishi mwenzake hutaja mfano kwa ubeti mfupi, mwenzake huuliza ilikuwaje, na hapo kisa kingine huanza, ambacho nacho kinaweza kufungua kingine. Kila kisa kidogo ni hoja katika mabishano ya kisa kikubwa, kwa hiyo kukinyofoa na kukisimulia peke yake kunaacha nje sababu ya kusimuliwa kwake. Mfano ni nyani yuleyule: mamba aliporudi kumbembeleza ashuke tena, alijibiwa kwa kisa cha punda wa dobi, ambaye mbweha alimpeleka kwa simba, akaponyoka, akashawishiwa kurudi mara ya pili, akauawa. Simba alipokwenda kuoga, mbweha akala moyo na masikio, kisha akamwambia simba kwamba punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Niti haijafungwa na ibada, na naamini hiyo ndiyo sababu hurafa zilisafiri peke yake, bila ya dini iliyozizaa. Ramayana nayo ilifika mbali, hadi Java na Thailand, lakini ilifika pamoja na mahekalu na mabaraza ya wafalme. Panchatantra ilibebwa na tabibu Burzoy, aliyeitafsiri kwa Kipahlavi, lugha ya Uajemi ya wakati huo, katika enzi ya mfalme Khosrow Anushirvan wa Uajemi, aliyetawala kuanzia mwaka 531 hadi 579. Karne mbili baadaye, mwandishi Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna, ambayo ni majina ya mbweha wale wawili, Karataka na Damanaka, yaliyobadilika njiani. Katika toleo hilo mamba amekuwa kobe, mzambarau umekuwa mtini, na uchu wa mke umekuwa maradhi ambayo dawa yake ni moyo wa nyani.

Katika ngano za Unguja zilizochapishwa na mmisionari Edward Steere mwaka 1870 kimo kisa cha punda wa dobi. Humo kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, rafiki yake ni papa, na moyo unatakiwa kwa ajili ya kumtibu sultani wa papa aliye mgonjwa. Mkuyu na mtini ni miti ya jamii moja, na ugonjwa unaotibiwa kwa moyo ni ule wa toleo la Kiarabu, mambo yanayoashiria kwamba kisa kilifika pwani kwa njia ya Waarabu na si moja kwa moja kutoka India. Hata mpangilio wa hadithi ndani ya hadithi umehifadhiwa, kwa kuwa kima anamsimulia papa habari za punda ili kumweleza kwa nini hashuki tena. Msimulizi wa Unguja alibadilisha mhusika mmoja muhimu: anayemrudisha punda kwa simba, na kula moyo na masikio yake, si mbweha bali ni sungura.