Uwiano sawa ni nini? Tuanzie kwenye zege

Fundi akikwambia zege la nguzo ni "moja, mbili, nne", hajataja ndoo wala karai. Anasema tu kwamba kila kipimo kimoja cha saruji kinakwenda na viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Kipimo chagua mwenyewe, mradi usikibadilishe katikati ya kazi. Huo ndio uwiano, na huandikwa 1:2:4.

Uwiano sawa ni uwiano uleule kwa tarakimu nyingine. 1:2:4, 2:4:8 na 3:6:12 ni zege moja; kilichobadilika ni ukubwa wa rundo. Unaupata kwa kuzidisha au kugawanya tarakimu zote kwa namba moja. Kujumlisha hakumo, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Tazama rundo la saruji ndoo 3, mchanga 6, kokoto 12. Likionekana dogo, saidia fundi anaongeza ndoo moja ya kila kitu "ili iwe sawa". Sasa ni 4:7:13, wakati saruji ndoo 4 zilidai mchanga 8 na kokoto 16. Hapo walau nguzo imepona, kilicholiwa ni saruji ya bure. Angepunguza ndoo moja moja, angebaki na 2:5:11, na hilo ni zege dhaifu.

Haya, kokoto zilizobaki ni ndoo 10 tu. Kwenye uwiano, kokoto ni 4, na 10 gawanya kwa 4 ni 2.5. Basi zidisha zote kwa 2.5: saruji ndoo 2 na nusu, mchanga 5, kokoto 10.

Ukianzia kwenye jumla, hesabu sehemu kwanza: 1 + 2 + 4 ni 7. Ndoo 35 ukizigawa kwa 7 unapata 5, kwa hiyo saruji 5, mchanga 10, kokoto 20. (Usitegemee ndoo 35 za zege bichi, lakini. Mchanga hujipenyeza kati ya kokoto na rundo likapungua.)

Nyumbani hesabu ni hiyohiyo, ila kosa lake ni zito zaidi. Pakiti za ORS, yaani dawa ya kumrudishia maji mwilini mtu anayeharisha, zikikosekana, lita 1 ya maji safi na salama hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukiwa na nusu lita, gawanya vyote kwa 2: sukari vijiko 3, chumvi robo kijiko. Anayepunguza maji akaiacha chumvi ilivyo amempa mgonjwa chumvi maradufu, na kwa mtoto mchanga hiyo ni hatari. Kijiko nacho kisawazishwe juu. Chenye kilima ni kipimo kingine kabisa.