"Kani ikiisha, kitu husimama": Acheni kuwafundisha watoto hivi

Juma hili nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa baba aliyemleta mwanawe wa darasa la saba kwenye masomo ya ziada hapa Busia. "Mwalimu, si kila kinachokwenda kina kani ndani yake? Ikiisha kinasimama." Alikuwa amemsaidia mtoto kazi ya nyumbani kwa nia njema kabisa, na mtoto akaandika hivyohivyo. Dhana hii hunimalizia muda kuliko nyingine zote, kwa sababu mtoto akishaiamini, kila utakachomweleza kuhusu tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu) na mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde) anakipindisha ili kiifuate.

Kani haikai ndani ya kitu kama petroli kwenye tangi. Ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine. Mtoto akipiga mpira wa majani makavu ya migomba, mguu ukishaachana na mpira, kani ya mguu imekwisha palepale. Mpira unazidi kwenda kwa sababu ulikuwa tayari unakwenda. Ukisimama mwishowe, umesimamishwa na kani nyingine: msuguano wa nyasi na ukinzani wa hewa. Upige kwa teke lilelile kwenye sakafu ya saruji, utakwenda mbali zaidi. Mguu haukuongeza chochote, msuguano ndio uliopungua.

Mwanasayansi Isaac Newton alilichapisha jambo hili mwaka 1687: kitu kisichosukumwa wala kuvutwa, au ambacho kani zake zimefutana, hubaki kimetulia au huendelea kwa kasi ileile kwenye mstari ulionyooka. Kila aliyepanda teksi ya Kampala analijua kwa mwili wake. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria huenda mbele bila mtu kuwasukuma. Gari limepunguza mwendo, wao bado.

Hapo huja swali ninalolipenda. Boda inakwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo mmoja, barabara tambarare iliyonyooka. Ninawaambia kani tokeo, yaani kani inayobaki baada ya kani zote kujumlishwa na kufutana, ni sifuri. "Sasa mwalimu, mbona haisimami?" Kwa sababu kanuni inasema kani tokeo ni tungamo mara mchapuko. Mchapuko, si kasi! Sifuri hapa maana yake ni kwamba kasi haibadiliki. Msukumo unaotokana na injini unalingana na ukinzani wa hewa na msuguano, basi. Mwenye boda akivuta mafuta, msukumo unazidi na kasi inapanda, mpaka ukinzani wa hewa, ambao nao hukua kadiri kasi inavyokua, uufikie tena. Akibeba abiria wawili badala ya mmoja, msukumo uleule unampa mchapuko mdogo zaidi. Mzazi akikosea hapo kati ya kasi na mchapuko, ni heri asimsaidie mtoto kabisa.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. Tungamo na uzito si kitu kimoja: maji ya lita 20 kwenye jerikeni yana tungamo ya kilo 20 hapa na hata Mwezini, ila uzito wake, yaani kani ya kuvutwa chini, hapa ni kama nyutoni (kizio cha kani) 196 na kule ni kama 32. Kitu kizito nacho hakianguki haraka zaidi kwa sababu ya uzito wake. Dunia hulivuta jiwe kubwa kwa kani kubwa kuliko jiwe dogo, lakini tungamo kubwa pia inadai kani kubwa ili ichapuke, kwa hiyo mawe yote mawili huchapuka sawa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya Mwezini, pasipo hewa, vikatua pamoja. Na kufunga breki ni mchapuko pia, ila umeelekea nyuma.

Ninawaomba wazazi jambo moja: msimkaririshe mtoto fomula kabla hajavuta kitu. Kateni utepe wa tyubu ya baiskeli, mfunge kwenye kigari chake cha mbao, mweke tofali moja juu. Kisha shikeni rula sambamba na utepe na mchague urefu mmoja wa kuuvuta. Mwambieni avute akiuweka utepe kwenye urefu huohuo tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kani isibadilike. Ataanza kwa kutembea, na hatua chache baadaye atajikuta anakimbia, maana kigari kinazidi kuchanganya na utepe utalegea asipoongeza mwendo. Ongezeni tofali la pili, urefu wa utepe uleule. Sasa kigari kinachukua muda mrefu zaidi kumfikisha kwenye kukimbia. Msitegemee mchapuko uwe nusu kamili, kwa sababu kigari chenyewe kina tungamo, na magurudumu yake yana msuguano unaoongezeka mzigo ukiongezeka.

Mkimwona amekimbia, muulizeni kwa nini alilazimika kukimbia ilhali alivuta kwa kani ileile. Mpeni muda ajibu mwenyewe.