Je, wajua? Aliyeanza kupekua ni kuku, si askari

Kwa miaka mingi niliamini kupekua ni neno la kituo cha polisi: askari akupekue mifuko, aje na hati ya upekuzi mlangoni. Siku niliyomsikia bibi mmoja akilalamika kwamba kuku wamempekulia bustani ya mchicha, nilicheka nikidhani anawafananisha kuku na askari. Kumbe ni kinyume chake.

Uani, kupekua ni kuchakura: kuku kuparua udongo kwa kucha akisaka mdudu au punje. Mtazame vizuri. Huvuta mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, pengine arudie. Halafu hurudi hatua, huinama na kukagua alichofukua. Kuvuruga kwanza, kutazama baadaye. Sasa mtazame mtu anayesaka risiti kabatini: nguo huku, makaratasi kule, anasita, anachungulia, anaanza upya. Ni mwendo uleule. Kutafuta waweza kwa macho tu; kupekua bila kuvuruga kitu hakuna.

Sarufi nayo ilinipoteza. Kwa kuwa kufunga hutenguliwa na kufungua, na kupakia na kupakua, nilijiundia kitenzi "kupeka", eti maana yake kuficha. Hakipo. Mwisho huo wa -ua hautengui kila mara. Mara nyingi huonyesha kitu kikitolewa au kikiachanishwa: chimbua, tifua, pasua. Na miguu peku? Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi, ingawa kuku kweli havai viatu.

Kwamba kuku alitangulia, hoja yangu ni mwenendo wa maneno tu, si hati ya kale: kazi ya mikono na miguu kwa kawaida hutangulia, ya akili hufuata. Watu walichambua pamba kabla ya kuchambua mechi.

Pekua ikapanda cheo, ikazaa upekuzi na waandishi wapekuzi. Chakura, ndugu yake, ikabaki uani. Hakuna hati ya uchakuraji. Faraja yake ni methali: mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Nayo ni kweli kabisa. Kifaranga wa mashine, asiyemjua mama, huanza kuchakura ndani ya siku chache, hata juu ya saruji, hata akiwa amesimama katikati ya sahani ya chakula.