Mafunzo endelevu ya wanasheria ni nini, na ushauri elekezi ni nini?

Shangazi yangu alinunua kiwanja Kisauni. Akampa wakili karatasi zote na pesa zote, akarudi nyumbani kungoja hatimiliki. Baada ya miezi mitatu faili ikarudishwa kutoka ofisi ya ardhi. Fomu ya uhamisho iliyotumika ilikuwa ya sheria iliyokwisha kufutwa, na ridhaa ya mke wa muuzaji haikuwemo. Muuzaji naye alikuwa ameshahamia Malindi, wala hakuwa na haraka ya kurudi kutia sahihi. Yule wakili hakuwa mwizi. Alikuwa mtu mwema mwenye miaka mingi kazini, aliyejifunza kuhamisha ardhi kabla ya 2012 na akaendelea kuhamisha vile vile.

Mafunzo endelevu ya kitaaluma yaliwekwa kwa ajili ya pengo kama hilo. Ni masomo anayopata mtu aliyekwisha kufuzu, aliyeapishwa na anayefanya kazi kila siku. Si digrii, wala si ule mwaka wa Kenya School of Law kabla ya kuapishwa. Ofisini hakuna anayelitaja jina lake refu. Watu huulizana tu, "Wakili, pointi zako umemaliza?" Kwa mujibu wa kanuni za 2014 chini ya Sheria ya Mawakili, kila wakili wa Kenya anatakiwa kupata pointi 5 kwa mwaka, na msimamizi ni Chama cha Wanasheria wa Kenya. Pointi hupatikana kwa kuhudhuria semina na kozi zinazotambuliwa. Asiyezitimiza hujiweka katika hatari ya kukwama anapoomba cheti cha kufanyia kazi, ambacho muda wake huisha kila tarehe 31 Desemba. Ndiyo maana ikifika Novemba utaona mawakili wakitafutana kwa simu: semina iko wapi, inatoa pointi ngapi, nafasi zimebaki?

Mbio hizo zimewafanya wengi, wakiwemo mawakili wenyewe, kudhani kwamba pointi ndiyo mafunzo. Pointi ni hesabu ya kuonyesha ulikuwepo. Mafunzo ni kile kinachobadilika katika faili ya mteja Jumatatu inayofuata. Mtu anaweza kukusanya 5 zote akiwa anajibu ujumbe wa simu nyuma ya ukumbi, na fomu ya zamani ikabaki kwenye kompyuta yake. Uingereza waliliona hili. Mawakili wao walitakiwa kutimiza saa 16 za mafunzo kwa mwaka, lakini tangu Novemba 2016 hesabu hiyo ya saa iliondolewa. Sasa kila mmoja hutakiwa apime mwenyewe upungufu wake, aushughulikie, kisha athibitishe kwamba amefanya hivyo. Sisemi tuige kesho. Nasema walikubali kwamba saa ukumbini na ujuzi ni vitu viwili.

Kwa Mombasa haja hii ina uzito wa pekee. Tangu 1908 usajili wa ardhi ya Pwani ulikuwa na sheria yake yenyewe, na mawakili wa hapa waliijua kama njia ya kwenda nyumbani. Sheria mpya za ardhi za 2012 zikaifuta. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Mali ya Ndoa, iliyotilia nguvu suala la ridhaa ya mke au mume. Ikaja Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Ikaja sheria ya 2019 ya kulinda data za watu. Hakuna darasa la 1995 lililofundisha lolote kati ya hayo.

Tena yapo mambo ambayo semina ya Nairobi haiyagusi kabisa. Chukua nyumba isiyo na ardhi. Katika Majengo na mitaa mingi ya huku, mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake: huipangisha, huiuza kwa mkataba, na hufa akaiacha. Lakini sheria iliyoandikwa kwa mtazamo wa Kiingereza huona jengo na ardhi kuwa kitu kimoja. Sasa mwenye nyumba akifariki naye ni Mwislamu, mirathi huenda kwa kadhi, kwa kuwa Katiba ya 2010 imempa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu waliokubali mahakama hiyo. Kadhi atagawa nyumba kwa mafungu ya warithi. Mwenye kiwanja hakuwa sehemu ya kesi hiyo, na pengine ameshauza ardhi kwa mtu mwingine. Wakili anayewatetea warithi lazima ajue mikataba, ajue ardhi, ajue na mafungu. Kozi nzuri ya Mombasa ingemweka kadhi, msajili wa ardhi na wakili kwenye meza moja na faili moja ya namna hiyo, washinde nayo siku nzima. Kwangu hiyo inashinda hotuba kumi.

Ushauri elekezi je? Hapa mtaalamu hafundishi darasa, wala hashiki kesi ya mteja. Anaitwa na ofisi ya sheria atazame kazi inavyokwenda, aonyeshe panapovuja, kisha aelekeze namna ya kuziba. Je, pesa za wateja ziko katika akaunti ya pekee, au zimechanganyika na za ofisi? Nani anafungua kabati la faili? Nakala za vitambulisho vya wateja zinakaa wapi kesi ikiisha? Tarehe za kesi zinaandikwa mahali pamoja au katika diari tatu? Mafunzo humjenga mtu. Ushauri elekezi hurekebisha ofisi. Kwa kawaida kimoja huzaa kingine, kwa sababu mshauri akishaona kosa hilohilo linarudi, atasema watu wafundishwe. Na kabla hajagusa faili hata moja, sharti atie sahihi ya kutunza siri, kwani siri hiyo ni ya mteja, si ya ofisi.

Nilihudhuria kikao kimoja cha aina hii katika ofisi ndogo karibu na Treasury Square, mara baada ya mahakama zote nchini kuhamia uwasilishaji wa hati kwa mtandao, Machi 2024. Mshauri aliwaomba mawakili wakae nyuma, akamketisha mbele mzee mmoja karani. Kwa zaidi ya miaka ishirini mzee huyo alibeba faili kwapani hadi dirisha la masjala, na makarani wa kule walimjua kwa jina. Sasa alikuwa amechanganua kurasa arobaini, nusu zimepinduka kichwa chini, hati ya kiapo na viambatisho vyote vikiwa faili moja isiyo na jina. Hakuna aliyecheka. Mshauri akamwambia, "Mzee, tuanze na ukurasa wa kwanza tu." Wakazigeuza moja moja, wakazitenga, wakazipa majina. Kufikia adhuhuri mzee alikuwa akimwonyesha wakili kijana mahali pa kubonyeza.

Kanuni za pointi zinamtaja wakili peke yake. Karani hana pointi za kutafuta, ilhali mara nyingi yeye ndiye anayechagua fomu, anayeijaza na kuipeleka. Nilipofuatilia faili ya shangazi niligundua kwamba wakili alitia sahihi tu. Fomu ilitolewa kwenye droo na karani ambaye hakuna aliyemwambia kuwa sheria imebadilika. Kwa hiyo ukienda kwa wakili na jambo la ardhi, muulize bila haya ni nani atakayeandaa karatasi zako, na mara ya mwisho mtu huyo alifundishwa lini.